Mwaka Nilioandikwa Upya

Mjomba wangu Salimu tulimzika Msambweni siku ya Alhamisi baada ya adhuhuri, na siku zote za matanga watu walioshika mkono wangu waliniambia pole kwa kufiwa na baba. Sikumsahihisha hata mmoja. Baba yangu aliyenizaa alikuwa hai, ameketi pale pale kwenye mkeka wa wanaume, amekonda kwa uzee, kofia yake imelala upande, naye alikuwa akipokea pole kama mfiwa na hakuna aliyeona ajabu. Mama alikuwa nyuma akisimamia masufuria ya wali, na kila mara alichungulia penye tundu la ukuta kuwatazama wanaume. "Mtazame baba yako Mwero," akaniambia. "Mimi niliyezaliwa na Salimu tumbo moja nimeshafuta machozi, yeye bado analia. Atatumalizia leso." Nikacheka, na kwa kuwa kucheka matangani hakufai, nikatoka nje nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Hapo ndipo uliponijia mwaka ule mzima, mwaka ambao watu hawa watatu walinipeleka Kwale kuniandika upya.

Ukoo wetu nitauacha. Anayeutaka aje aketi na jamaa zangu wa Msambweni, watamweleza mpaka aombe maji. Inatosha kujua kwamba mama na baba waliachana nikiwa bado tumboni, bila ugomvi, na kwamba nililelewa katika nyumba ya mjomba, kaka yake mama. Kwetu Wadigo hilo si jambo la kuonewa huruma. Mjomba, ambaye kwa lugha yetu tunamwita aphu, ndiye aliyekuwa mwenye mtoto tangu enzi za wazee. Baba huzaa, mjomba humiliki. Dini imelipunguza sana jambo hilo, na serikali hailijui kabisa, lakini limetukaa kama moshi wa jikoni unavyokaa katika nguo. Mwenyewe huusikii, mpaka mgeni akukaribie akauliza ni harufu ya nini.

Mjomba alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi. Cherehani ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha, pembeni yake meza ya kukatia vitambaa, na ukutani zilining'inia kanzu ambazo bado hazijatiwa mikono, kama watu wanaosubiri kuitwa. Chumba kilinuka mafuta ya mashine na pasi ya makaa. Mimi ndiye niliyefagia vipande vya vitambaa tangu kimo changu kikiwa sawa na meza, na chini ya meza hiyo ndipo nilipopatia elimu yangu kubwa, maana wateja walizungumza kana kwamba mtoto aliye chini hana masikio. Shule niliiacha darasa la saba. Sikufukuzwa. Nilikuwa nikitazama dirishani mno, na kila lori lililopita kwenda Lunga Lunga lilichukua akili yangu likaenda nayo. Nikaanza kuifuata. Mara niko Lunga Lunga nawauzia maji ya baridi madereva wanaongoja kuvuka mpaka, mara niko Ukunda naosha vyombo mkahawani. Nikirudi, mjomba hakuuliza nilikuwa wapi. Aliinua miguu kwenye cherehani akasema, "Simama wima nikuone," akanipima kwa macho kama anayetaka kunishonea nguo, kisha akampigia mama kelele jikoni kwamba nimekonda, aongeze tui. Nimelala katika vyumba vingi tangu hapo, vingine vizuri sana, lakini mpaka leo nikiingia chumba kipya husimama wima kidogo mlangoni, nikingoja nipimwe.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na mikono ilikuwa imenichoka kwa maji ya sabuni. Rafiki yangu wa Ukunda alinitafutia nafasi katika hoteli moja ya Diani, kazi ya kutandika vyumba vya wageni, kula na kulala hapo hapo. Msimamizi aliniangalia, akaridhika, akaomba kitambulisho. Sikuwa nacho. Akasema atanishikia nafasi mpaka msimu wa wageni ukaribie, baada ya hapo atampa mwingine. Nikarudi nyumbani na habari hiyo kwa furaha, na mjomba akakataa kabla sijafika mwisho wa maneno.

"Kulala hotelini, hapana. Diani ni mbali."

"Si mbali, aphu. Wewe huenda Ukunda kununua uzi ukarudi kabla ya chakula."

"Mimi naenda kununua uzi. Silali na uzi huko."

Lakini kitambulisho alisema nikakitafute, kwani kila mtu anapaswa kuwa nacho, awe na kazi au asiwe nayo. Akafungua sanduku la nguo za Idi akanitolea cheti changu cha kuzaliwa, amekifunga ndani ya kipande cha kitambaa cha kanzu ili kisiliwe na wadudu.

Kwa sisi tulio karibu na mpaka, kitambulisho hakipatikani kwa kupanga foleni tu. Wazee wa mtaa hukaa kwenye benchi katika ofisi ya chifu wakakuhoji, wapate kujua kama wewe ni wa hapa kweli au umevuka kutoka ng'ambo. Wengine walitoka wakilia. Mimi waliniuliza visima, misikiti, mashamba, majina ya watu waliokufa kabla sijazaliwa, na yote nilikuwa nimeyasikia chini ya meza, hata mengine ambayo wao wenyewe wasingependa yasikike. Mzee mmoja akasema, "Mpitisheni huyu. Akiendelea atatuaibisha." Kizuizi kilitoka kwa karani, kijana mpole wa kutoka bara, aliyekuwa akinakili cheti changu kwenye karatasi nyingine. Kalamu yake ilisimama.

"Mejumaa," akaniita, "hebu nisaidie. Mama yako ni Mwanasha Bakari. Baba yako ni Salimu Bakari. Hao Bakari wawili ni tofauti, sindio?"

"Ni mmoja," nikasema. "Ni babu yangu."

"Babu yako amezaa mama yako."

"Ndiyo."

"Na pia amezaa baba yako."

Wakati huo ndipo nilipolisikia, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekiona cheti kile mara nyingi nisikione. Mzee wa karibu akakohoa, akamgeukia karani. "Bwana, usiwaze mabaya. Salimu ni mjomba wake."

"Mjomba wake ndiye baba yake?"

"Ndiye mwenye mtoto."

"Mzee wangu, hapo ndio unanimaliza kabisa," karani akasema, akaweka kalamu chini. Hakucheka, na kwa hilo nimemheshimu hadi leo. Alinirudishia cheti kwa mikono miwili, akaniambia niende Kwale kwa msajili wa vizazi, kwa sababu akikipeleka vile kilivyo, kule mbele hawatauliza kwa upole.

Mambo yalikuwa yametokea hivi. Nilizaliwa nyumbani, mama akashikwa na homa, na mjomba ndiye aliyekwenda kutoa habari kwamba nimezaliwa. Alipoulizwa jina la baba alijibu, "Niandikeni mimi, mtoto ni wangu." Hakudanganya, kwa jinsi alivyoyajua mambo. Mtoto alikuwa wake. Mama alipoyasikia ya karani alikuwa akikaanga viazi karai kando ya barabara, akacheka mpaka akalazimika kuepua karai. Mjomba hakucheka. Siku ile aliketi mbele ya cherehani bila kushona, akikipapasa cheti kwa kidole, na chakula cha mchana kikapoa mbele yake. "Watu watasema nini," alisema, kisha akaongeza, "Basi wakati wote huu nilikuwa nimekiweka na nguo za Idi."

Tulikwenda Kwale mimi na mama. Msajili alikuwa mama wa makamo aliyevaa baibui, na meza yake ilijaa majalada yaliyofungwa kwa kamba. Alituuliza hali zetu na za nyumbani kwanza, ndipo akakisoma cheti, akavua miwani. Akatueleza taratibu, kama mtu anayemwongoza mwingine njia. Mtoto ambaye wazazi wake hawana hati ya ndoa haandikiwi baba kwa neno la mama peke yake, wala la mjomba, wala la mtu mwingine yeyote. Ni lazima baba na mama waje pamoja, waombe pamoja, naye baba aape mbele ya wakili kwamba mtoto ni wake. Mama akasema ndoa ilikuwako, ilifungwa msikitini, ila mwalimu aliyeifungisha alikuwa ameshafariki na hati hawakuchukua. "Nakusadiki, dada yangu," msajili akasema, "lakini hapa siandiki ninayoyasadiki." Na aliyeandikwa kimakosa, akaendelea, naye aje aape kwamba si baba, ili jina lake litolewe.

"Na akitolewa, na yule mwingine asije?" nikauliza.

"Mahali pa baba tutapiga alama za X, mwanangu. Cheti kitakuwa halali. Wako wengi wenye vyeti hivyo, wanasoma na wanafanya kazi."

Nyumbani tulikula sima, mboga ya mchunga na papa mkavu, sote watatu kwenye sinia moja, na hapo ndipo mama alipoyaeleza. Nilimwona mjomba akilibonyeza tonge lake mpaka likawa jembamba kama chapati.

"Sijitoi," akasema.

"Salimu, ni karatasi."

"Nikijitoa, wakaweka hizo alama zao, mtoto atakuwa wa nani? Wa alama?"

"Mwero atakuja."

"Mwero amekuja lini? Tangu amezaliwa huyu, umewahi kusikia hodi yake mlangoni pangu?"

"Basi mwite."

"Mimi simwiti mtu kwa mwanawe, Mwanasha. Mtu huja mwenyewe. Siku nitakapomwona kwa macho yangu, amekaa mbele ya huyo wakili, ndipo nitakapojitoa. Kabla ya hapo niacheni nilivyo, hata watu wakicheka."

Nikiwa mtu mzima nimekutana na wanaume wengi wasiotaka kuandikwa. Nimewasikia katika mikahawa na kwenye malori wakipeana mbinu za kukwepa. Kila nikiwasikia humkumbuka mjomba na tonge lile mkononi, akikataa kufutwa, akiwa tayari kuchekwa na mtaa mzima kuliko kuiona nafasi ile ikikaa tupu. Lakini wakati ule nilikuwa na hasira naye. Msimu wa wageni ulikuwa unakaribia, na zaidi ya hilo kulikuwa na mtu anayeitwa Mwero, mnunuzi wa mbuzi huko Taru, ambaye sikuwahi kumwona, na kutojua kitu ni jambo ambalo sijawahi kulivumilia. Nikaondoka asubuhi, bila kuaga, kama kawaida yangu. Ukunda nikapata lori lililoleta mbuzi na sasa linarudi tupu, nikakaa mbele na dereva, tukapanda Kwale, tukapita Kinango, nchi ikizidi kukauka na miti kuwa mifupi, mpaka tukatokea barabara kuu ya Nairobi, na mbele kidogo ni Taru.

Dereva alimjua Mwero. Alinionyesha kwa kidole, pale sokoni, mtu mrefu aliyeinama katikati ya mbuzi, akimbonyeza mmoja uti wa mgongo ili ajue unono wake. Nilisimama upande wa pili wa mbuzi yule.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Alisema hivyo kama mtu mzima yeyote anavyomwambia kijana.

"Mimi ni mtoto wa Mwanasha wa Msambweni."

Mkono wake ulibaki mgongoni mwa mbuzi. Mwenye mbuzi akauliza kama anamchukua au hamchukui, hakujibiwa. Baba akauliza, "Umekula?"

Alinipeleka katika banda la chakula lililokuwa pale sokoni, akaniagizia nyama ya kuchemsha na sima, yeye akanywa chai ya rangi akinitazama nikila. Nilipomaliza aliniagizia tena, na nilipomaliza tena akaona aibu kuagiza mara ya tatu, tukaenda kwake. Mkewe alikuwa akipembua mahindi uani. Hakuhitaji kuambiwa mimi ni nani. "Huyu ndiye Mejumaa?" akasema, akinipisha kwenye kigoda. "Kila Idi tukila hapa baba yako hukutaja. Mimi nilidhani wewe ni mdogo bado, kwa jinsi anavyokusema." Ndipo nikamuuliza baba, kwa kuwa kuuliza ndiyo tabia yangu, kwa nini basi hakuja. Alijibu akitazama mikono yake.

"Nilikuja. Ulikuwa huna hata jina. Nilileta mbuzi na kanga mbili. Salimu hakuwako, alikuwa safarini, bibi yako ndiye aliyenipokea. Alipokea kanga, mbuzi akanirudishia. Akaniambia, mwanangu, tumeshukuru, lakini mtoto huyu ana mjomba wake. Mimi ni Mduruma, ninyi mna mambo yenu. Nikaona nikirudi tena nitaonekana mwizi."

"Mama hakunieleza."

"Mama yako alikuwa ndani na homa. Yawezekana hakuambiwa. Mjomba wako amekutuma?"

"La. Nimekuja mwenyewe."

"Basi rudi umwambie anitumie mtu. Akiniita nitakuja siku hiyo hiyo, hata kwa miguu. Bila yeye kuniita, siwezi kumvua mtu mtoto aliyemlea."

Nikarudi Msambweni na ujumbe huo, nikauweka mbele ya mjomba, naye alivua kofia, akakuna kichwa chake chenye mvi, akasema ni maneno ya mtu mwenye adabu, na kwamba hata hivyo hawezi kumwita mtu kwa mwanawe. Zikapita wiki. Mmoja alingoja kuitwa, mwingine alingoja kubishiwa hodi. Wote wawili walikuwa wakiheshimiana vizuri sana, na mimi nilikuwa nikipoteza kazi. Kila nilipopita Ukunda rafiki yangu aliniambia msimamizi ameuliza tena. Nililia kidogo, nikanuna sana, nikaapa nitavuka mpaka nisirudi. Mama alinisikiliza akimenya viazi. Kisha akaosha mikono, akaazima simu ya jirani, akasimama katikati ya uwanja ambapo mtandao ulishika, akapiga kelele ambazo nadhani zilisikika Taru hata bila simu.

"Mwero? Ni Mwanasha. Mzima, alhamdulillahi. Na wa kwako hawajambo? Sikia. Jumanne uwe Kwale, ofisi ya msajili, na kitambulisho chako. Salimu? Salimu hakukuita. Nakuita mimi. Yule mama wa serikali amesema wanaoomba ni baba na mama, wala mjomba hakumtaja, wala mama yangu, Mungu amrehemu, hakumtaja. Ndiyo. Usilete kitu."

Akamrudishia jirani simu, akamgeukia mjomba aliyekuwa amesimama dirishani na sindano mdomoni. "Mimi ndiye niliyezaa, Salimu. Nyote wawili mmelisahau hilo. Jumanne naenda. Ukitaka kumwona kwa macho yako, njoo."

Mjomba alikuja. Alivaa kanzu yake ya Idi, akakaa mbali nasi njia nzima kama mtu tusiyejuana naye. Tulipofika, baba alikuwa ameshafika zamani. Alikuwa amesimama nje ya ofisi na mbuzi jike mweupe, amemfunga kwenye nguzo ya ubao wa matangazo, na mbuzi alikuwa ameanza kuyala maua ya serikali. Askari wa lango alikuwa akimsihi amwondoe. Wanaume wale wawili wakasalimiana kwa urefu, wakaulizana afya, mvua, mifugo, majirani, mpaka maswali yakawaishia.

"Mbuzi huyu wa nani?" mjomba akauliza.

"Wako."

"Mimi siuzi mtoto, Mwero."

"Wala mimi sinunui. Nimeleta kusema ahsante. Nilichelewa."

Mjomba alimtazama mbuzi, na nikaona ameanza kumpenda.

Wakili alikuwa na chumba kidogo karibu na mahakama, benchi moja, mashine ya chapa, na feni iliyogeuka bila kuleta upepo. Baba aliapa kwanza. Aliyarudia maneno polepole, mkono juu ya msahafu, kwamba yeye ni baba mzazi wa Mejumaa aliyezaliwa na Mwanasha, kwamba anaomba pamoja na mama huyo jina lake liandikwe, na kwamba anafanya hivyo kwa hiari yake. Mama alitazama feni. Kisha wakili akachukua karatasi ya mjomba, akaisoma kwa sauti ile ile ya kazi: kwamba mimi Salimu Bakari naapa na kutamka kwamba mimi si baba wa mtoto aliyetajwa hapo juu.

Mjomba aliinuka. Hakuwa na hasira. Alisema, "Samahani, bwana wakili," akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.

Wakili akasema bila karatasi hiyo jina la zamani halitoki, na lisipotoka jipya haliingii, na yeye saa sita anaingia mahakamani. Mama akataka kumfuata, baba akamzuia kwa mkono. Akatoka yeye. Dirisha lilikuwa la vioo vya kufungua na kufunga, mimi nikasogea pale, na kwa kuwa nimekulia chini ya meza ya fundi, sikuona vibaya kusikiliza. Walikuwa wamechutama pande mbili za mbuzi.

"Siwezi kuapa hivyo," mjomba alikuwa akisema. "Nitaapaje mbele ya Mungu? Nani aliyemwogesha?"

"Hukosei."

"Kwa hiyo?"

Baba akasema, "Kwa hiyo mimi nimeapa, na simjui. Nimeapa juu ya mtu nisiyejua hata anakula nini. Mimi ndiye niliye na shida, Salimu, si wewe. Nieleze."

Mjomba akaanza kusema kwa sauti ya chini, kana kwamba anatoa vipimo. Kwamba nikiugua sisemi; wakiniona nimekuwa mtulivu wajue ni homa. Kwamba siwezi kula chakula chenye tui zito asubuhi. Kwamba nikiondoka bila kuaga nisifuatwe, nitarudi, lakini mlango usifungwe kwa komeo. Kwamba naogopa radi ingawa nakana. Kwamba nikidanganya hutazama juu. Kwamba shuleni nilikuwa wa kwanza kwa hesabu na mwalimu alikuja nyumbani kuomba nirudi, na yeye mjomba akashindwa kunilazimisha, na hilo bado linamuuma. Mambo mengine sikujua kama alikuwa ameyaona. Baba hakuingilia. Kila baada ya jambo alitikisa kichwa, na nikaona midomo yake ikilirudia, jinsi mtu anavyojifunza dua.

"Basi," mjomba akasema mwishowe. "Mengine utayaona mwenyewe."

Wakarudi ndani. Mjomba akavua viatu, akaketi, akamwambia wakili asome tena, na ilipofika pale pa kutamka akatamka, neno kwa neno, macho yake yakiwa kwa baba, si kwa karatasi. Akatia sahihi kwa mwandiko wa fundi, mdogo na ulionyooka kama mshono. Kwa msajili hatukukaa sana. Baba na mama walitia sahihi ombi lao bega kwa bega, watu ambao hawakuwa wamekaa karibu hivyo tangu kabla sijazaliwa, na mama akamwambia aandike vizuri, asije akaharibu na hiki nacho.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali. Mbuzi alikuwa amemaliza maua ya upande mmoja. Mjomba alimfungua kamba, akaizungusha mkononi, na nilidhani sasa tunaagana. Badala yake akamgeukia baba, akazungumza kwa ile heshima ya mtu anayekabidhi zamu.

"Haya, baba yake. Mwanao amepata kazi ya hotelini Diani. Anataka kulala huko huko. Mimi nilikataa. Sasa si juu yangu tena. Wewe wasemaje?"

Nilimtazama mtu huyu wa Taru ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunikataza kitu, na nikawaza, kumbe ndiyo faida ya kuwa na baba. Yeye alifikiri kwa muda mrefu, kama nilivyomwona akifikiri sokoni mkono ukiwa mgongoni mwa mbuzi.

"Wewe ulikataa kwa nini?" akauliza.

"Ni mbali."

"Ni mbali," baba akakubali. "Basi nami nakataa."

Mama aliketi juu ya ngazi ya ofisi ya serikali akacheka mpaka askari wa lango akaja kuuliza kama ni mgonjwa. Cheti kipya kilichukua muda wake, na kitambulisho kikachukua muda wake zaidi, lakini vilitoka, na nafasi ya hotelini, kwa uvumilivu wa msimamizi, ilikuwa bado inaningoja. Siku niliyokwenda Diani kuanza kazi baba aliteremka kutoka Taru na mjomba akafunga cherehani, wakanisindikiza mpaka lango la hoteli, mmoja amebeba sanduku na mwingine amebeba godoro, na wote wawili walikuwa bado wamekataa.